Kwa Nini Karatasi Hukwama Wakati wa Masika: Jibu kwa Mwalimu wa Tanga

Swali: "Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari mkoani Tanga, si mbali na bahari. Tuna mashine moja ya fotokopi na printa mbili za leza. Kila mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, karatasi hukwama mara kwa mara, hasa asubuhi, na maandishi hutoka yakiwa na mabaka yaliyopauka. Fundi amekwisha kubadilisha rola, lakini shida imerudi. Muuzaji anatushauri tununue karatasi ya bei kubwa zaidi, na mkuu wa shule anataka tununue katoni za mwaka mzima kila Januari ili tupate punguzo. Je, tununue karatasi ipi, na tuihifadhi namna gani?"

Jibu: Mwalimu, umetaja mambo mawili ambayo yangetosha kumwelekeza fundi kabla hajaifungua mashine: kwamba shida huja na masika, na kwamba huzidi asubuhi. Rola iliyochakaa haichagui majira. Ikishindwa kuvuta karatasi mwezi wa Aprili, itashindwa pia Agosti, na itashindwa saa nane mchana kama inavyoshindwa saa mbili asubuhi. Kinachobadilika kati ya Agosti na Aprili, na kati ya jioni mnapofunga ofisi na asubuhi mnapoifungua, ni kiasi cha maji kilichomo ndani ya karatasi yenyewe. Kwa sababu hiyo naona tatizo lenu liko katika uhifadhi kuliko katika chapa ya karatasi, na ushauri wa muuzaji wenu, hata kama ameutoa kwa nia njema, hautaliondoa.

Kabla hamjatumia shilingi yoyote, fanyeni jaribio dogo. Jioni moja acheni karatasi kwenye trei kama mlivyozoea, na wekeni kando rimu moja ambayo haijafunguliwa, ya chapa ileile na iliyonunuliwa siku ileile. Asubuhi ondoeni karatasi zilizolala kwenye trei, fungueni rimu mpya, chapeni kurasa mia moja, kisha rudisheni zile za jana na mchape mia nyingine. Ikiwa rimu mpya itapita bila matata na zile za jana zikakwama au zikatoka na mabaka, basi fundi na rola zake hawana hatia. Ikiwa zote mbili zitakwama, msimlaumu fundi bado, kwa maana huenda stoo yenu imekwisha kuiharibu hata rimu iliyofungwa. Tafuteni rimu moja kutoka mahali pengine mrudie jaribio. Itakapokwama na hiyo pia, hapo ndipo mashine ifunguliwe.

Sababu ya haya yote ni kwamba karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za miti, na nyuzi hizo hupokea na kuachia maji kulingana na hewa inayozizunguka. Karatasi ya fotokopi na printa za leza hutoka kiwandani ikiwa kavu kwa makusudi, yaani ikiwa na maji kiasi cha asilimia 4 hadi 5 ya uzito wake, kwa kuwa itapitishwa kwenye joto kali. Rimu moja ya A4, yaani karatasi 500, za gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa karibu kilo 2.5, kwa hiyo inapotoka kiwandani ina maji kama gramu 110. Rimu hiyohiyo ikiachwa wazi kwa muda mrefu katika chumba chenye unyevu wa asilimia 80, hali ambayo ni ya kawaida kabisa mwambao wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wakati wa mvua, maji yake yanaweza kufikia asilimia 8, na hapo inabeba takribani gramu 200, yaani glasi nzima ya maji. Mkono hauwezi kuhisi tofauti hiyo, lakini mashine huihisi.

Tena maji hayo hayaingii sawasawa. Karatasi zikiwa zimepangwa katika rimu, hewa hugusa kingo zake na karatasi chache za juu, ilhali katikati hubaki pakavu kwa siku nyingi. Kingo zinavimba na kurefuka, katikati panabaki vilevile, na matokeo yake ni kingo zenye mawimbi ambayo huonekana wazi ukiitazama rimu kwa ubavu. Rola za mashine zimeundwa zishike karatasi iliyonyooka. Zikishika wimbi, pembe moja hutangulia nyingine, karatasi huenda mshazari, na mashine inasimama. Hii ndiyo sababu asubuhi karatasi thelathini au hamsini za kwanza husumbua, kisha mambo hutulia mkajidanganya kwamba mashine "imepata moto". Kwa kweli mmemaliza karatasi za juu zilizolowa usiku na kufikia zile zilizokuwa chini.

Mabaka yaliyopauka yana chanzo hichohicho, ingawa kwa njia nyingine. Wino wa unga, ambao wengi wetu tunauita tona, haumwagwi wala haupulizwi juu ya karatasi. Huvutwa kutoka kwenye dramu, yaani silinda inayoibeba tona ndani ya mashine, kwa nguvu ya umeme, na karatasi inapaswa kuishika chaji hiyo juu ya uso wake kwa kitambo kifupi. Karatasi kavu huishika vizuri. Karatasi yenye maji huipitisha chaji ikapotea, sehemu ya tona inabaki kwenye dramu, na herufi hutoka zimepauka pale palipokuwa na unyevu mwingi. Baada ya hapo karatasi hupita kwenye fyuza, yaani rola za joto ambazo hufikia takribani digrii 180 hadi 200 za Selsiasi, na maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke ghafla. Mkiona mvuke ukitoka penye tundu la kutolea karatasi, au karatasi zikitoka zimejikunja, jueni maji hayo yametoka wapi. Ukichapa pande mbili hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu karatasi iliyokwisha kujikunja kwa joto la upande wa kwanza hurudishwa ndani ya mashine ikiwa katika hali hiyo, na ndiyo maana kazi nyingi za mitihani hukwama kwenye upande wa pili.

(Wenzenu wa Dodoma hupata kinyume chake wakati wa kiangazi. Hewa ikiwa kavu mno, karatasi hujaa umeme tuli, hushikana, na mashine huvuta mbili au tatu kwa pamoja. Dawa yao si yenu, kwa hiyo msipokee kila ushauri unaotoka kwa jamaa wa bara.)

Sasa tuje kwenye uhifadhi, nami nitaanza na mashine kabla ya stoo, kwa sababu hapo ndipo mtapata nafuu ya haraka. Jioni, kabla ya kufunga ofisi, toeni karatasi zote kwenye trei. Zirudisheni katika kifungashio chake, kikunjwe vizuri na kubanwa kwa gundi ya utepe, kisha ziwekwe ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini maboksi haya ya kuhifadhia vyakula na nguo yanauzwa kila soko, na moja la ukubwa wa wastani hubeba rimu kadhaa. Watu huniuliza kama hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani ya boksi haitaziharibu karatasi. Haitaziharibu. Boksi la lita 50 lililojaa hewa ya masika lina maji kiasi cha gramu moja tu na ushei katika hewa hiyo, na kiasi hicho kikigawanywa kwa karatasi elfu moja hakina athari. Kinachodhuru ni hewa inayoingia na kutoka usiku kucha ikileta maji mapya kila saa, kama ilivyo kwenye trei. Kwa sababu hiyohiyo vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu havina faida kubwa hapa: boksi likifunga vizuri havihitajiki, na lisipofunga vizuri vitajaa maji kwa muda mfupi na kuacha kufanya kazi.

Asubuhi jazeni trei kwa kiasi cha kazi iliyopo. Hakuna ulazima wa kuweka rimu nzima kwa ajili ya barua kumi. Siku ya kuchapa mitihani ndiyo siku ya kufungua rimu moja baada ya nyingine, na hata hapo ifunguliwe ile inayoingia kwenye mashine sasa hivi, si rimu kumi kwa mkupuo ili "kurahisisha kazi", kwa maana rimu ya kumi itakaa wazi saa nzima au zaidi ikisubiri zamu yake.

Mwulizeni pia fundi wenu kama mashine ya fotokopi ina hita ya trei. Mashine nyingi kubwa zinaweza kufungwa hita ndogo chini ya trei za karatasi kwa ajili ya maeneo yenye unyevu, lakini mara nyingi huuzwa kama kifaa cha ziada, au huja ikiwa imezimwa, na mafundi wa bara hawana sababu ya kuikumbuka. Hita hii kwa kawaida hufanya kazi wakati mashine imezimwa, ilimradi waya wake umechomekwa ukutani. Hapa kuna mgongano ambao nauona katika ofisi nyingi za pwani: kwa kuogopa umeme unaopanda na kushuka, mtu wa mwisho kutoka huchomoa waya zote, na kwa kufanya hivyo huizima hita saa ileile inapohitajika. Siwezi kuwalaumu, maana bodi ya mashine ikiungua gharama yake ni kubwa kuliko karatasi. Kama umeme wenu si wa kutegemewa, endeleeni kuchomoa waya, na mtegemee boksi la plastiki.

Suala la kiyoyozi linahitaji uangalifu. Chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mfululizo ni mahali pazuri pa karatasi, kwa sababu kiyoyozi huondoa maji hewani; hali inayofaa ni joto la digrii 20 hadi 25 na unyevu wa asilimia 40 hadi 55 hivi. Lakini kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni huleta mzunguko wa kila siku wa ukavu na unyevu, nao huichosha karatasi iliyo wazi. Na kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Rimu iliyokaa kwenye chumba cha kompyuta chenye digrii 18, ikiletwa ghafla kwenye ofisi yenye digrii 30 na kufunguliwa papo hapo, hupata umande juu ya karatasi zake, kwa kuwa hewa ya moto yenye unyevu ikigusa kitu baridi huachia maji. Rimu hiyo iletwe siku moja kabla, ikae imefungwa mpaka ipate joto la chumba, ndipo ifunguliwe. Katoni nzima, kwa kuwa joto hupenya polepole hadi katikati, ipewe muda mrefu zaidi ya huo.

Kuhusu stoo, nadhani najua hali yenu bila kuiona. Shule nyingi huweka karatasi katika chumba kilekile cha kuchapia na kufungia mitihani, na kwa sababu za usalama chumba hicho huwa kidogo, dirisha lake limezibwa, na mlango haufunguliwi ila kwa nadra. Chumba kilichofungwa sicho chumba kikavu. Sakafu ya saruji iliyojengwa bila karatasi ya nailoni chini yake hupandisha unyevu wa ardhi, ukuta wa nje uliopigwa na mvua hufanya hivyohivyo, na unyevu huo hukosa pa kutokea. Wekeni katoni juu ya chaga za mbao zilizoinuka sentimita 10 au 15 kutoka sakafuni, ziachane na ukuta kwa nafasi ya kupitisha mkono, na mchague ukuta wa ndani badala ya ule unaotazama mvua. Kama paa ni la bati na hakuna dari, msipange katoni kwenye rafu za juu, kwa sababu joto la mchana na ubaridi wa usiku wa manane huko juu hupishana mno. Chaga zina faida ya pili, nayo ni mchwa. Mchwa hupenda karatasi iliyogusa sakafu na ukuta, na hula kutoka chini bila kuonekana mpaka siku mnaponyanyua katoni na kukuta kitako chake hakipo. Zikiwa juu ya chaga, njia zao za udongo zitaonekana mapema miguuni mwa mbao.

Katoni zilazwe kama zilivyochapwa maandishi yake, zisisimamishwe wima, na zisipangwe zaidi ya tano au sita kwenda juu. Katoni ya rimu tano ina uzito wa kilo 12 na nusu hivi, kwa hiyo ile ya chini katika mpango wa sita inabeba zaidi ya kilo 60; ukizidisha, pembe zake hukunjika, na karatasi iliyokunjika pembe haitapita kwenye rola hata kama ni kavu kabisa.

Kuna mbinu ya zamani ya ofisi za mwambao, ya kuweka balbu inayowaka ndani ya kabati la karatasi. Msingi wake ni sahihi: hewa ya digrii 27 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipashwa joto mpaka digrii 32, unyevu wake hushuka hadi kama asilimia 60 bila maji yoyote kuondolewa. Hata hivyo balbu za kisasa za LED hazitoi joto la maana, na zile za zamani zenye waya ni hatari ya moto ndani ya kabati lililojaa karatasi, lililofungwa kwa kufuli, katika jengo lisilo na mtu usiku. Siipendekezi kwa shule.

Nikija kwenye ununuzi, jambo la kwanza la kununua ni mizani. Vipimo vya A4 vinarahisisha hesabu kwa namna ya kupendeza: karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na A4, yenye milimita 210 kwa 297, ni sehemu ya kumi na sita ya eneo hilo. Gramu 80 kwa mita ya mraba maana yake ni gramu 5 kwa kila karatasi, na karatasi 500 ni kilo 2.5. Ya gramu 75 itakuwa kilo 2.34, na ya gramu 70 itakuwa kilo 2.19. Kifungashio huongeza gramu chache tu. Rimu iliyoandikwa 80 ambayo mizani inaisoma kilo 2.2 ina moja kati ya kasoro tatu: karatasi ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa, au hazitimii 500, au zimekatwa pungufu. Rula itawaonyesha kasoro ya tatu, kuhesabu kutawaonyesha ya pili, na kinachobaki ni ya kwanza. Kumbukeni tu kwamba mizani hupendelea muuzaji wakati wa masika, kwa sababu rimu iliyolowa inaweza kuongezeka hadi gramu 100, na rimu nyepesi iliyonywa maji ikajifanya nzito.

Kwa mitihani inayochapwa pande mbili kwa mashine ya leza, mimi ningenunua gramu 80 na nisingepanda zaidi ya hapo. Gramu 70 huonyesha maandishi ya upande wa pili, jambo linalomsumbua mtahiniwa, na ikilowa hulegea haraka zaidi kuliko ile nzito. Inafaa kwa matangazo na kazi za upande mmoja, lakini mkiitumia badilisheni mpangilio wa aina ya karatasi kwenye printa uwe wa karatasi nyepesi, ili fyuza isiipike kupita kiasi ikajikunja. Gramu 90 au 100 ni kwa vyeti na barua rasmi.

Bei kubwa ambayo muuzaji wenu anaizungumzia kwa kawaida hulipia weupe zaidi, usawa wa nyuzi, na ukataji safi. Weupe hauna uhusiano wowote na kukwama. Sehemu yake hutokana na kemikali zinazong'arisha, na kwa mtihani wa Fizikia weupe wa kawaida unatosha. Usawa na ukataji ndivyo vyenye thamani, navyo mnaweza kuvichunguza wenyewe dukani. Inueni karatasi moja mbele ya mwanga wa dirisha: nzuri huonekana imetulia, mbaya ina mawingu mazito na mepesi yanayopishana. Gongeni rimu iliyofunguliwa juu ya kitambaa cheusi mwone kama inamwaga vumbi jeupe, kwa sababu vumbi hilo ndilo linaloifanya rola iteleze na kuonekana imechakaa. Kwa kweli rola nyingi zinazobadilishwa zilihitaji tu kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa maji. Pitisheni kidole kwenye kingo. Ukataji wa kisu butu huacha mikwaruzo na hufanya karatasi zishikane.

Kifungashio kinastahili kuangaliwa kuliko hata karatasi. Karatasi nyingi za ofisi tunazotumia mwambao huja kwa meli kutoka nchi kama Indonesia, Thailand na Afrika Kusini, zikikaa wiki nyingi kwenye makontena na mabohari kabla ya kufika dukani, na katika safari hiyo yote kinga yake ni kile kifungashio tu. Kifungashio kizuri kina utando mwembamba wa plastiki au nta ndani yake. Chaneni pembe ya kifungashio cha rimu ya majaribio polepole. Kama kuna utando mtauona ukivutika kabla ya kukatika. Kama kinachanika kama gazeti, rimu hiyo haijalindwa, na punguzo lolote la bei ni punguzo la haki. Rimu yenye tundu au gundi iliyofumuka ikataliwe, hata kama karatasi zinaonekana safi.

Kwenye maandishi ya kifungashio tafuteni maelezo kwamba inafaa kwa printa za leza na mashine za fotokopi. Baadhi ya watengenezaji hutaja kiwango cha Ulaya EN 12281, ambacho kinahusu karatasi za kunakili kwa tona kavu. Karatasi iliyotengenezwa kwa taka za karatasi si mbaya, ilimradi imeandikwa kwamba inafaa kwa mashine hizo. Kinachopaswa kukatazwa kabisa ni kuweka kwenye printa ya leza karatasi za picha zinazong'aa, zilizotengenezwa kwa printa za wino wa maji, kwa kuwa utando wake unaweza kuyeyuka na kugandia kwenye fyuza, na hapo gharama inakuwa ya mashine wala si ya karatasi. Kwa kumbukumbu za kudumu, kama vile orodha za matokeo na rejista za wanafunzi, chagueni karatasi yenye alama ya ISO 9706, ambayo haina asidi na ina akiba ya alkali ya kuilinda isibadilike rangi na kuvunjika kwa miaka mingi. Hiyo inunuliwe rimu moja moja, ifungiwe peke yake, na isitumike kwa mitihani.

Kuhusu wazo la mkuu wa shule la kununua katoni za mwaka mzima kila Januari, fanyeni hesabu kwanza. Tuseme mna wanafunzi 400, masomo 9, na kila mtihani una karatasi mbili zilizochapwa pande zote. Hiyo ni karatasi 7,200 kwa muhula mmoja wa mitihani, yaani rimu 15, sawa na katoni tatu. Ongezeni majaribio ya kila mwezi na kazi za ofisi mpate idadi yenu halisi. Punguzo la Januari ni la kweli, lakini karatasi iliyonunuliwa Januari kwa ajili ya Novemba italazimika kuvuka masika yote na sehemu ya vuli ndani ya stoo yenu. Stoo ikiwa kama nilivyoieleza hapo juu, yenye chaga na ukuta mkavu, na kifungashio kikiwa kizuri, itavuka salama. Kwa sasa, kabla stoo haijarekebishwa, ningemwomba mkuu akubali kununua mara mbili: Januari, kiasi cha kuwafikisha Juni, na Julai kiasi cha kumaliza mwaka. Mnaweza pia kumwomba muuzaji bei ya jumla ya katoni zote huku akizitoa kwa awamu mbili. Wengi hukubali wakilipwa sehemu mapema, na hatari ya unyevu inabaki bohari kwake. Kila katoni iandikwe tarehe ya kupokelewa kwa kalamu nene, na ya zamani itoke kwanza. Na kabla ya kulipia shehena yoyote, ombeni rimu moja mkaichape pande mbili, yote 500, kwenye mashine yenu wenyewe.

Yamebaki mambo madogo ya kujaza trei. Vifungashio vingi vina mshale unaoonyesha upande wa kuchapwa kwanza. Karatasi ina pande mbili zisizolingana kabisa, na upande huo ukipokea joto kwanza karatasi haijikunji sana. Kama karatasi zinatoka zimejikunja, geuzeni rundo lililomo kwenye trei juu chini mjaribu tena, kabla ya kumwita fundi. Vibano vya pembeni viguse karatasi bila kuibana, na rundo lisivuke alama ya mwisho ndani ya trei. Msiongeze karatasi mpya juu ya zile za jana, kwa kuwa mashine itakuwa ikivuta karatasi za hali mbili tofauti katika kazi moja.

Hatimaye rimu ambazo zimekwisha kulowa, na bila shaka mnazo. Msizianike juani wala kuziweka juu ya kitu cha moto, kwa sababu kingo zitakauka kabla ya katikati, na wimbi litageuka mkunjo. Zile zenye unyevu tu, ambazo bado zimenyooka, zinaweza kurudi katika hali nzuri zikiachwa siku kadhaa kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana, zikiwa zimetandazwa katika mafungu membamba chini ya ubao mzito kidogo. Zenye mawimbi yanayoonekana kwa macho hazitanyooka vya kutosha kwa mashine ya leza. Kama shule ina mashine ya rizo, ile inayonakili kwa wino na stensili, zipelekeni huko kwa matangazo na mazoezi, kwa kuwa haitumii joto wala chaji ya umeme kuhamisha wino, nayo huvumilia unyevu zaidi. Zenye mawimbi makubwa zikatwe ziwe karatasi za kufanyia hesabu za majaribio kwa watahiniwa wa Hisabati. Zilizoota ukungu zitolewe nje ya stoo siku hiyohiyo, wala zisiwekwe karibu na katoni nzima, na rafu iliyozibeba ifutwe na kukaushwa kabla ya kupokea shehena nyingine.